Usingizi wa Kuazima

Pazi alikuwa na kipaji kimoja ambacho Shirika la reli halikukijua: alikuwa analala. Alilala kwenye benchi, alilala msibani, na aliwahi kulala amesimama kwenye foleni ya ugali, sahani mkononi, watu wakampita bila kumwamsha kwa sababu hata kukoroma hakoromi. Ndiyo maana kila jioni, zamu ya mchana ilipotoka, alifika kwenye meza yetu pale kantini akaweka kiberiti kitupu katikati ya vikombe vya chai na kusema, "Haya, mchango wa harusi."

Tukavua vipuli vyetu na kuvitia ndani.

Kipuli ni kidude kidogo kama punje ya mtama, cha rangi ya risasi, kinachobanwa kwenye ndewe ya sikio. Kinasikiliza damu inavyokwenda. Kinajua umelala au umekodoa macho kwenye dari hadi alfajiri. Asubuhi ukifika mlango wa Chumba cha Viti, mlango unakisoma na kuwasha taa: kijani, pita ukafanye kazi; manjano, unafuatiliwa; nyekundu, rudi nyuma. Sasa mtu ambaye halali afanyeje? Anampa Pazi kipuli chake, Pazi anakibana sikioni pamoja na vya wengine, anakwenda kwake, analala kwa niaba ya wote. Asubuhi anaturudishia, kila mtu na usingizi wake.

"Mihayo, kaka yangu," alisema asubuhi moja akimkabidhi dereva mwenzake cha kwake, "jana umelala kama gogo. Umeota mbuzi."

"Mbuzi wangapi?" Mihayo akauliza.

"Ningehesabuje? Si nilikuwa nimelala?"

Meza yote ikacheka. Mihayo naye alicheka, kicheko chake kile cha mdomoni tu, akakibana kipuli sikioni na kwenda kazini. Mlango ukamwashia kijani kibichi kabisa, kijani cha majani ya mpunga.

*

Treni za Njia Kuu haziendeshwi na mtu aliye ndani yake. Dereva anakaa hapa Itunda, kwenye kiti, miguu peku juu ya bamba la chuma, na treni iko mbali huko kwenye misitu ya miombo. Uzito wa mabehewa unamjia kwenye nyayo. Reli ikiwa na mchanga anausikia kama mchanga kwenye kiatu. Ndiyo maana mlangoni kwetu viatu vimepangwa mstari kama msikitini, na mgeni akifika mara ya kwanza huuliza nani amefariki.

Kazi hiyo inataka utulivu. Hilo sikatai. Ninachokataa ni namna walivyoutafuta.

Nina kumbukumbu ndefu, na sijawahi kuiona kuwa baraka. Namkumbuka Sizya, dereva wa siku za kabla ya vipuli. Sizya alimwambia daktari wa Shirika ukweli, kwamba kila asubuhi anaamka na jiwe kifuani na hajui nani ameliweka. Daktari akaandika. Shirika likamtoa kwenye kiti na kumpa ufagio, afagie chumba kile kile, katikati ya wenzake waliokuwa wakimwita fundi. Na wenzake, yaani sisi, tukasema amedata. Tukasema nati zimelegea. Tukamtengea kikombe chake peke yake, kana kwamba jiwe la kifuani linaambukiza kwa chai. Alipokufa tulisema ni presha. Hadi leo ukiuliza Itunda utaambiwa presha.

Baada ya hapo Shirika likapata uchungu wa ghafla. Zikabandikwa picha za watu wenye meno meupe na maneno HAPA HATUFICHI. Wakasema unyanyapaa utakwisha siku kila mtu atakapopimwa sawa na mwenzake, wakaleta vipuli. Wakajenga na Chumba cha Utulivu kwa wale watakaosomwa nyekundu: kochi zuri, samaki kwenye chupa kubwa, mshauri wa kuzungumza naye. Chumba chote kioo, kando ya ukumbi wa kwendea kantini, ili ionekane kwamba kukaa humo si aibu.

Kila mtu anajua lile kabati la kioo la sebuleni, lenye vikombe vya maua ambavyo havinywewi chai, vya kutazamwa tu. Basi sisi chumba kile tulikiita Kabati. Wa kwanza kuwekwa humo alikuwa dada mmoja wa zamu ya pili. Watu walikuwa wanapita na sahani za ugali wakipunguza mwendo. Wengine walimpungia mkono, na hao ndio waliomuumiza zaidi. Aliomba uhamisho kabla wiki haijaisha. Baada yake Itunda haikusomwa nyekundu tena. Mshauri akakaa na samaki wake hadi akarudishwa makao makuu kwa kukosa kazi.

Shirika likasema tumepona.

Mameneja hawakuvaa vipuli. Ilielezwa kwamba kazi yao haihitaji utulivu, na katika hilo sina ubishi nao.

Mtu atauliza, kipuli kilishindwaje kujua kwamba sikio hili si la Mihayo? Jibu ni sisi. Mimi ndiye mwakilishi wa madereva, na wakati vipuli vinaletwa niligoma kwa niaba yao: kisirekodi maneno, kisifuate mtu anakokwenda, kisijue mwili wa nani. Kijue usingizi na mapigo tu. Tulibishana hadi makoo yakakauka na tukashinda. Ni ushindi mkubwa kuliko wote nilioupata kwenye kazi hii. Na tulipoupata tukautumia kujificha vizuri zaidi, na hila ya kiberiti cha Pazi niliipanga mimi.

*

Kosa lilianza kwa wema, na ni kosa ambalo lisingefanywa na watu wasiopendana.

Wengi wetu tulimpa Pazi vipuli siku tulizozidiwa tu. Mihayo alimpa kila siku. Hatukumuuliza. Tulimwona anavyokonda, tukamwona anavyokaa na kikombe hadi chai inatengeneza utando, tukaona heshima ni kutouliza. Basi usingizi wa Pazi, usingizi ule wa mtu asiyejua kugeuka kitandani, ukaingia wote kwenye hesabu ya Mihayo. Na Shirika lina mtambo unaoitwa Mpangaji, ambao hauna macho, una hesabu tu. Mpangaji hutazama nani ametulia kuliko wote, kisha humpa treni ngumu kuliko zote.

Ikafika siku Mama Ulomi, meneja wa kituo, akatukusanya ukumbini.

"Wapendwa," alisema, sauti ikimtetemeka kwa furaha, "Itunda tumekuwa wa kwanza katika Njia Kuu yote. Hatuna nyekundu hata moja. Na Dereva Mtulivu wa Mwaka anatoka hapa hapa nyumbani. Mihayo, baba, simama."

Sura ya Mihayo ikatokea kwenye kioo kikubwa cha ukutani. Watu wakapiga makofi na vigelegele.

"Tupe siri, Mihayo!" mtu akapaza sauti.

"Huwa nalala tu," akasema.

Kicheko kikalipuka, maana nusu ya waliokuwemo walijua. Pazi peke yake hakucheka. Alikuwa anasoma maandishi madogo chini ya sura ile, na mimi nikayasoma baada yake: kuanzia kesho yake Mihayo apewe treni ya abiria ya kushuka Nkwale.

Nkwale ni mteremko. Reli inauzunguka mlima kwa kona tatu, upande mmoja mwamba, upande wa pili hakuna kitu. Dereva anashuka ameshika breki kwa nyayo tangu juu hadi bondeni, na akizilegeza kidogo tu mabehewa yanaanza kumsukuma kwa nyuma. Hakuna anayeshuka Nkwale huku anawaza jambo lingine.

*

Alikuja kwangu baada ya kuishusha treni hiyo kwa siku kadhaa. Alinikuta nyuma ya tangi la maji, ninapopendelea kulia chakula cha mchana.

"Dada Kabula. Nikuulize kitu?"

"Uliza, kaka."

"Unanijua miaka mingi. Nimefiwa mimi?"

"Hapana."

"Mke wangu Nshoma ameniacha?"

"Amekuacha vipi, na asubuhi nimenunua karanga kwake hapo kantini akakusifia mpaka nikachoka?"

Akatabasamu kidogo. Akachuchumaa, akaokota kijiti na kuanza kukivunja vipande vidogo vidogo.

"Basi nami nimetafuta sababu na sijaipata. Ninakula, nina nyumba, watoto wazima. Lakini naamka nikiwa nimeshachoka, Kabula. Nikimtazama Nshoma ni kama namtazama kupitia maji. Ingekuwa nimefiwa mngekuja. Mngetandika mikeka, mngeleta maji na kuni, mngekaa na mimi hata kama hamna la kusema. Hili halina maiti. Watu watakuja kukaa kwenye nini?"

Nilimwambia ajikaze, neno ambalo nilikuwa nimelisikia likisemwa kwa Sizya, na nikalisikia likinitoka kwa sauti ile ile.

"Jana, pale kona ya pili," akaendelea, "nimeshika breki, abiria wanaimba huko ndani, nawasikia. Nikafikiri, je, nikiachia? Haki ya Mungu sikutaka kumuua mtu. Nilitaka tu kuacha kushika."

Nikaweka sahani chini.

"Kesho usiende."

"Niseme nini?"

"Sema tumbo."

"Kipuli kinasema mimi ndiye mzima kuliko watu wote wa Itunda."

"Basi kuanzia leo lala nacho mwenyewe. Kikusome ulivyo."

Akatikisa kichwa. Alikuwa ameshalifikiria hilo, tena kwa makini, kama fundi. "Kitanishusha kutoka juu kabisa hadi chini kwa siku chache. Watauliza aliyekuwa analala ni nani. Watamchukua Pazi, watakuchukua wewe, watachukua nusu ya chumba. Unaijua adhabu yake."

Niliijua. Atakayevaa kipuli cha mwenzake anafukuzwa na kushtakiwa, na aliyevaliwa vile vile.

"Na mimi nitakuwa Kabatini," akasema. "Nshoma anapita ukumbi ule kila siku na kapu lake. Apite ananiona kwenye kioo? Bora nishuke Nkwale." Akasimama, akajikung'uta vumbi. "Usimwambie mtu. Umesikia, dada?"

Sikuahidi. Nilinyamaza, naye akadhani nimeahidi.

*

Pazi nilipomweleza aliketi chini.

"Mimi ndiye niliyempandisha," akasema. "Nimemlalia mtu hadi nimempeleka Nkwale." Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, asubuhi iliyofuata alifika kazini macho mekundu, na vipuli vyote vya siku hiyo vikatoka manjano. Vyote isipokuwa cha Mihayo. Hesabu yake ilikuwa juu mno hata kukesha kwa Pazi hakukuitikisa.

Asubuhi hiyo hiyo nilikwenda kwa Mama Ulomi. Wageni wa makao makuu walikuwa wanatarajiwa kuleta tuzo, na ofisini kwake kulikuwa na maua ya plastiki mezani. Mama Ulomi alikuwa mtu mwema. Wanangu walipougua ndiye aliyenipa gari. Nalisema hili mapema ili isidhaniwe kwamba tulikuwa chini ya katili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Kabula. Karibu, umeona maua?"

"Mama, naomba Mihayo asishuke Nkwale leo."

"Kwa nini? Ndiyo siku yake. Wageni watamwona akiwa kitini."

"Naomba tu."

Akanitazama. Mtu aliyekaa na madereva miaka yote ile si mjinga. Nikaona linavyomwingia, kidogo kidogo, usoni. Akainuka akafunga mlango.

"Kabula, mwanangu, nisikilize. Ukiniambia dereva wangu anaumwa, nitakuwa nimejua. Nikijua, sheria inanitaka niandike. Nikiandika, watafungua vipuli vyote, na watu wangu wote wataisha. Usiniambie."

"Na asipofika bondeni?"

"Mtambo unasema ni mzima."

"Wewe mwenyewe, mama, kwa macho yako, unamwonaje?"

Akapanga maua upya, moja moja.

"Macho yangu hayamo kwenye sheria," akasema. Kisha, kama mtu anayejitetea kwa mtu mwingine ambaye hayupo: "Na kama ana shida kwa nini asiseme? Hapa hatuna mambo ya aibu. Tumefanya kila kitu. Tumewajengea hata chumba."

Nilitoka nikiwa na hasira hadi masikio yanapiga kelele, na hasira yenyewe haikujua pa kutua. Ningemshtaki nani? Shirika lililojenga kabati? Mama Ulomi aliyeziba masikio kwa kutupenda? Au mimi, niliyekaa na siri ya mtu mkono mmoja na roho za treni nzima mkono wa pili, nikisubiri mtu mwingine aseme?

Nikisema, namvua nguo mtu aliyeniamini na kuwamwaga wenzangu barabarani. Nisiposema, naisindikiza treni.

*

Nilipoingia Chumba cha Viti, Mihayo alikuwa ameshakaa. Viatu vyake vilikuwa mlangoni, vimefutwa vumbi kwa sababu ya wageni. Treni yake ilikuwa imetoka stesheni ya mwisho ya nyanda za juu na inakwenda kwa mwendo wa kawaida kuelekea Nkwale. Nikasimama mahali pangu pa mwakilishi, nyuma ya viti, kando ya mpini mwekundu.

Mpini ule unasimamisha treni yoyote inayoendeshwa chumbani humo. Una sharti moja, lililotungwa baada ya abiria kuachwa porini siku nzima bila neno: ukiuvuta, spika zinafunguka pande zote mbili, na lazima waambiwe kwa nini wamesimama, nao wana haki ya kuuliza. Nilishauvuta mara nyingi. Ng'ombe relini. Mti umeanguka. Moto wa msitu.

Nikawa natazama miguu yake. Dereva anayesikia reli vidole vyake vinachezacheza, kama vya mpiga kinanda. Vya Mihayo vilikuwa vimelala tu juu ya bamba, kama vitu vilivyosahauliwa na mwenyewe.

Wageni wakaingia na Mama Ulomi, wakiwa na soksi zao safi, wakinong'ona.

Mihayo hakugeuka. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi, "Dada Kabula. Miguu haisikii kitu."

Nikavuta.

Treni ilisimama kwenye miombo, kabla kidogo ya kona ya kwanza. Spika zikafunguka na chumba kikajaa watu tusiowaona: kuku, redio, mtoto anayelia, mtu anayemalizia hadithi yake bila kujali kwamba treni imesimama.

"Kuna nini tena?" sauti ya mwanamume ikauliza. "Jamani, tuna safari!"

Pazi alikuwa ameshanifikia. "Sema hitilafu ya umeme," akaninong'oneza.

Mama Ulomi naye, kutoka mlangoni, uso umempauka, akatingisha kichwa kunihimiza. "Hitilafu, Kabula. Hitilafu ya umeme." Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yangu ya uwakilishi kusikia uongozi na wafanyakazi wakikubaliana jambo.

Nikachukua kipaza sauti. Uongo ule ulikuwa mzuri, na ulikuwa tayari mdomoni. Ungemtoa Mihayo kwenye kiti leo. Kesho Mpangaji angemrudisha, maana angekuwa bado mzima kuliko wote. Na ukweli haukuwa wangu. Nilijua sheria zote za chumba kile, nyingine nilizipigania mimi, na hakuna hata moja iliyonipa jiwe la kifua cha mtu nilitangaze.

Nikainama karibu na kiti.

"Kaka, niwaambie nini?"

Spika ikawa inaendelea kulalamika. Mgeni mmoja akauliza kama huu ni utaratibu wa kawaida, na hakuna aliyemjibu. Mihayo akanyoosha mkono.

"Nipe," akasema.

Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Abiria. Mimi ndiye dereva. Nimesimama kwa sababu naumwa."

"Unaumwa nini?" yule mwanamume akauliza.

"Sijui huko mliko mnauitaje. Sijalala muda mrefu sana. Roho imekuwa nzito, hata miguu yangu siisikii. Kwa nje sina kitu." Akavuta pumzi. "Mbele yetu ni Nkwale. Nimeogopa kushuka na ninyi."

Madereva wengine walikuwa na treni zao miguuni na hawakuweza kugeuka, lakini nikaziona shingo zao zimekakamaa. Kwenye spika hata yule mtoto alikuwa ameacha kulia.

"Yaani," mwanamume akasema polepole, "tunaendeshwa na mwendawazimu?"

"Wewe nawe!" sauti ya mwanamke ikamrukia. "Mwendawazimu angesimama?"

Watu wakacheka huko porini. Mtu akasema hata shemeji yake yalimpata hayo. Mwingine akauliza basi watafika lini, ana ndizi zinaiva. Kisha ikaja sauti ya bibi, kwa mbali, ikipaa juu kabisa kama ya mtu asiyeamini kwamba chuma kinaweza kupeleka maneno:

"Dereva! Dereva, mwanangu! Unanisikia?"

"Nakusikia, bibi," Mihayo akasema.

"Pole!"

"Pole sana, baba," mwanamke wa mwanzo akaitikia.

"Pole, kaka."

"Pole, dereva. Pumzika kwanza."

Ikawa inapita kutoka behewa hadi behewa, sauti za watu wazima na vijana, nyingine zikitamka neno lile huku zinatafuna. Hata yule mwenye ndizi, au labda ni mwingine, alisema pole kwa kununa.

Nilisimama pale na mkono bado juu ya mpini. Sisi tulimjua Mihayo. Tulimficha, tulimpangia zamu za kupumzika kwa hila, tulimpa usingizi wa mtu mwingine tukihatarisha mkate wetu. Neno lile hatukuwahi kumpa. Huwezi kumpa pole mtu ambaye mmekubaliana kwamba hana kitu.

"Lakini kipuli kinasema mzima," mgeni mmoja alikuwa akimwambia Mama Ulomi, akimwonyesha kijibao mkononi. "Tazama hapa. Mzima kuliko wote."

Pazi akavuka kwa miguu peku akasimama mbele yake.

"Ni mimi huyo," akasema. "Huyo aliyelala ni mimi."

"Pazi, nyamaza," Mama Ulomi akasema, na macho yake yakajaa machozi.

"Nimenyamaza vya kutosha, mama." Akamgeukia mgeni tena. "Na si yeye peke yake niliyemlalia."

"Hata mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyeupanga mchezo wote."

Kutoka kiti cha tatu, bila kugeuka, dereva wa treni ya mizigo akainua mkono wake juu. Kisha wa kiti cha saba. Mgeni akaanza kuandika, akaacha, akatazama viti, akatazama reli zilizokuwa zinang'aa kwenye kioo cha ukutani, zimejaa treni kutoka ziwa hadi pwani. Ningependa kusema kwamba alituelewa. Alikuwa anafikiria nani ataziendesha akitufukuza.

Mihayo alikuwa amenyanyuka. Pazi hakuweza kuketi badala yake, alikuwa amekesha, na alisema hivyo mwenyewe kwa sauti. Basi akaitwa dereva wa akiba, mama mmoja mkimya aliyelala usingizi wake mwenyewe, akavua kandambili mlangoni, akaja kuketi.

Nilimsindikiza Mihayo hadi mlangoni. Aliketi sakafuni kando ya viatu, akachukua kimoja, akakishika bila kukivaa. Nikakaa naye. Mama Ulomi alitusogelea, akasita, kisha naye akakaa chini na gauni lake la sherehe. Hakusema kitu, na mara hii kutosema kwake hakukuniudhi.

Nilijua mengi yanayokuja. Nilijua nitaitwa mbele ya meza, nilijua karatasi zitakavyoandikwa, nilijua wapo watakaosema Itunda tumedata wote. Nilijua pia kwamba jioni Nshoma atasikia, kabla hata Mihayo hajafika nyumbani, na kwamba huyo ndiye anayemwogopa kuliko meza yoyote.

"Kabula," akasema. "Wale watu wananijua?"

"Hawakujui."

"Hata jina?"

"Hata jina hukuwatajia."

Akalifikiria hilo muda mrefu, kiatu mkononi. Kwenye spika, behewa la mwisho ndiyo kwanza lilikuwa limepata habari, na pole zao zilikuwa bado zinakuja.